Kanda Isiyonuka Ubani

Mashine ilikuwa imeimeza kanda tangu watu wanakunywa chai, na sasa muadhini wa adhuhuri alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, nayo bado inazungusha. Sajenti Sauda Likwata alikaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umegangwa kwa waya, mikono juu ya mapaja, akiitazama taa ndogo ya kijani inavyowaka na kuzimika. Wenzake kituoni walizoea kumtania kuwa kazi iliyomfaa ilikuwa kuuza maandazi, maana ana subira ya kungoja unga uumuke.

"Ndivyo zilivyo, afande," alisema Stefano, fundi wa kompyuta wa Ushirika wa Mwambao. "Kanda ni kama uzi kwenye kibiringo. Unachokitaka kikiwa katikati, huna njia ila kuzungusha mpaka ukifikie."

"Sasa kwa nini shamba la Bi Mwanaheri liwe kwenye uzi, lisiwe kwenye kompyuta ya pale mbele wanapohudumia watu?"

"Diski za pale mbele zina mbio, lakini ni ghali, na zinajaa. Tukaweka utaratibu. Shamba linaloulizwa kila msimu, taarifa zake zinabaki mbele. Lisiloulizwa miaka na miaka, kompyuta yenyewe inaliondoa na kulihamishia kwenye kanda, na kanda inakwenda stoo. Kanda ni rahisi. Mbele kinabaki kikumbusho tu, kwamba shamba la fulani liko kanda namba fulani."

"Kama sahani za shughuli. Za kila siku ziko jikoni, zile za maulidi ziko uvunguni mwa kitanda."

"Hapo hapo, afande."

"Na siku ya maulidi ukainama uvunguni, ukakuta hamna sahani."

Stefano hakucheka. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka Songea, na tangu asubuhi alikuwa akijifuta shingo kwa kitambaa kilekile kilicholowa. Alijua watu wa ofisi wanavyomtazama. Yeye ndiye aliyeleta kanda, yeye ndiye aliyehamisha mashamba ya watu, na yeye ndiye mgeni.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bi Mwanaheri wa Njinjo alipewa na mumewe shamba la mikorosho, hiba ya mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi wawili, na mume akaja Kilwa Masoko kuliandikisha Ushirika. Mashahidi wote wawili walishatangulia mbele ya haki. Karatasi ilikuwa kwenye sanduku la bati, na sanduku likachukuliwa na mafuriko ya Mto Matandu pamoja na mlango wa nyumba. Mwaka uliopita mume naye akafa. Shemeji yake, Bakari, ndugu wa marehemu, akafungua mirathi mahakama ya mwanzo. Shauri lilikuwa lisikilizwe kesho, na kanda ilipogoma kusomeka mara ya kwanza, polisi waliitwa. Ushahidi wa hiba ukipatikana, shamba ni la mama peke yake. Usipopatikana, shamba ni la marehemu na linagawanywa: binti nusu, Bakari fungu lake, na mjane thumni, yaani moja ya nane; hata nyumba anayolala itaingia kwenye mgawo, maana imesimama katikati ya mikorosho hiyohiyo.

Mashine ikalia mara moja, ikatulia.

Stefano akainamia kioo. Akabonyeza, akabonyeza tena. "Tupu," akasema.

"Si nilisema?" Katibu wa Ushirika, Ridhiwani, alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya darizi iliyokaa upande. "Afande, usijichoshe. Ni moshi. Yule mama wa stoo anazifukiza kanda kila Ijumaa kama anafukiza nguo za harusi. Nimeshamwandalia barua yake, aende akapumzike."

"Nani kakwambia anazifukiza?"

"Pua yangu, afande. Ingia mle ndani utadhani unaingia kuzuru kaburi la sharifu."

Sauda akamgeukia fundi. "Moshi unaweza kufanya hivi?"

"Moshi unaharibu, kweli. Masizi yanakaa juu ya utepe." Stefano alisita, akamtazama katibu, akaitazama mashine. "Lakini kanda iliyoharibika inalalamika, afande. Inasoma kidogo, inakwama, inarudi nyuma, inakwaruza. Hii imepita kimya mwanzo mpaka mwisho. Hii haijawahi kuandikwa kitu tangu itoke kiwandani."

"Nakala ya pili iko wapi?"

Huko nje mtu alikuwa anaburuta gunia kwenye sakafu.

"Niliomba kanda za kutosha kuandika mbilimbili," alisema Stefano.

"Tulinunua kanda kupunguza gharama," alisema katibu. "Ukinunua mbilimbili umepunguza nini? Kaa wewe kwenye kiti changu siku moja uone."

"Nakala haipo," alisema Sauda.

"Haipo," alikubali Stefano.

Aliinuka, akaikunja kanda ile kwenye leso yake nyeupe, akaomba apelekwe stoo.

Stoo ilikuwa nyuma ya ofisi, chumba cha mawe ya zamani chenye dirisha moja lililozibwa kwa bati. Bi Hamida, mtunza stoo, alikuwa amekaa kizingitini. Alikuwa ametoka eda Jumatatu ile, na bado alijitanda kanga kichwani na mabegani kama mtu anayehisi baridi peke yake mji mzima.

"Shikamoo, Bi Hamida."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Wenzangu hawajapoa, naona wananitafutia mwingine." Akaufungua mkunjo wa pindo la kanga, akatoa ufunguo, akafungua kufuli.

Harufu ikawatokea kabla ya mlango kufunguka wote. Ubani, na chini yake ule uvundo wa chumvi na chokaa mbichi ambao nyumba zote za Masoko zinao wakati wa mvua. Kabati za chuma zilipangwa ukutani. Chini ya kabati ya kwanza palikuwa na chetezo, na majivu yamekauka ndani yake.

"Unafukiza kweli?"

"Nafukiza. Chumba kina ukungu, mende wanataga mle kwenye makasha. Nikimwomba katibu ile mashine ya kukausha hewa, ananiambia bajeti. Marehemu mama yangu msahafu wake na nguo zake za maziko alizitia moshi wa ubani kila Ijumaa, na mdudu hakuzigusa. Basi nikasema na hivi ni vitu vya watu, havifunguliwi, vimelala, nivitunze vile vile. Nazitoa kwenye makasha moja moja, nazipitisha moshini, nazirudisha." Alimtazama Stefano. "Yeye aliniona, hakunikataza."

"Nilikukataza, mama."

"Ulisema si vizuri. Si vizuri si kukataza."

Stefano akainamisha kichwa. Sauda hakuwa na haraka ya kuwaamua. Alivuta droo ya kanda za kata za bonde la Matandu, akatoa moja, akaipangusa kwa upande safi wa leso. Leso ikatoka na alama ya kahawia, mafuta mafuta. Akatoa ya pili. Ya tatu. Zote zilitoka hivyo, na zote alizipeleka puani akazirudisha. Kisha akaikunjua ile namba kumi na saba aliyotoka nayo kwenye mashine, akaipangusa kote.

Leso haikubadilika.

Aliipeleka puani. Ilinuka plastiki, kama beseni jipya.

"Tazama hapa, fundi. Karatasi hii ya namba imeungua moshi, pembe zimekuwa kahawia kama mkate. Kanda yenyewe safi." Akachukua kanda nyingine, akaingiza ukucha chini ya karatasi yake, akaibandua nusu. Chini palikuwa peusi, pakang'aa, umbo kamili la karatasi, na pembeni palikuwa na ukungu wa masizi. "Hii karatasi ilibanduliwa kwenye kanda ya zamani ikabandikwa kwenye mpya. Kanda mpya mnaweka wapi?"

Stefano akaonyesha boksi chini ya dirisha. Lilikuwa limefunguliwa, na pakiti moja ilikuwa na ganda tu, kanda hamna.

"Basi tumemaliza," alisema katibu kwa nyuma. "Anayejua kanda mpya zinakaa wapi ni nani? Fundi. Afande, mfunge fundi wako twende tukale."

"Dakika hii ulikuwa unamfukuza Bi Hamida."

"Nilikuwa sijaona hilo boksi."

"Bi Hamida," alisema Sauda, "kabla ya msiba, Ijumaa ya mwisho, ulizifukiza zote?"

"Zote. Marehemu alianguka Jumapili yake."

"Na tangu utoke eda?"

"Sijawasha hata kaa moja. Nilikuta maneno yameshanitangulia."

"Basi ingebadilishwa kabla ya msiba, ingepata moshi wa Ijumaa ile. Haikupata. Imebadilishwa ukiwa edani. Funguo za stoo hii ziko ngapi?"

Katibu akaiweka sawa kofia yake. Wa kwake, alikiri, ulikatikia ndani ya kufuli la zamani, na kufuli jipya lilikuja na ufunguo mmoja, huo alionao mama. Msiba ulipotokea, Bi Hamida aliondoka na ufunguo pindoni. "Nilimtuma mlinzi akauchukue. Shangazi zake wakamrudisha mlangoni. Nikamtuma fundi, naye akarudishwa."

"Mjane niko edani, nimpokee mwanamume ana kwa ana, kwa ajili ya kufuli?" alisema Bi Hamida.

"Sikusema kitu," alisema katibu. "Nikaacha. Hata huyo Bi Mwanaheri alipokuja kuuliza shamba lake, tulimwandikia namba ya kanda kwenye kikaratasi, tukamwambia angoje mama atoke eda. Akaelewa. Angekuwa mtu wa bara angetutukana."

Sauda akaifunga leso yake. Ushirika mzima ulikaa eda na Bi Hamida, na wote waliona ni sawa, hata yeye mwenyewe aliona ni sawa. Fundi hakufika kwenye ufunguo ule, wala katibu, wala mlinzi. Hakuna mwanamume aliyevuka ukumbi wa nyumba ile isipokuwa ndugu zake wa kuzaliwa nao.

Akamshika Bi Hamida mkono, wakakaa wawili kizingitini, wanaume akawaambia waende wakale.

"Nani alikuwa anakuhudumia?"

"Shangazi zangu walikuwepo wiki za mwanzo, wakarudi Mchinga. Baadaye majirani. Mmoja analeta uji, mmoja anachota maji."

"Na nguo nani alikuwa anafua?"

Bi Hamida alianza kukunja pindo la kanga, akalikunjua. "Mdogo wangu, mtu akikufulia nguo ukiwa edani, humhesabii makosa."

"Sikuhesabii wewe. Hesabu niachie mimi."

"Siku moja kanga zangu zilirudi zimepigwa pasi. Ufunguo ulikuwa umefungwa pindo la kushoto. Mimi nafunga kulia, tangu usichana wangu. Nikasema moyoni, kaufungua ili afue, akaurudisha vibaya. Nikamwombea dua." Akalikunja tena pindo. "Ni Zuwena. Binti wa huyo huyo Mwanaheri. Anakaa nyuma ya soko, anauza barafu. Alikuja mwenyewe, sikumwita."

Zuwena alikuwa amepanga chumba na ukumbi, na friji lake la barafu lilikuwa ukumbini likinguruma. Mama yake alikuwa ameteremka kutoka Njinjo kwa ajili ya kesho. Sauda alimkuta amekaa mkekani, ungo mapajani, anachambua choroko. Zuwena alikuwa anamimina juisi ya ukwaju kwenye vifuko, anavifunga fundo, anavipanga ndani ya friji.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Pita, pita."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na sura nzito. Sema, mimi nimeshazoea kuambiwa."

Sauda akavua viatu, akakaa pembeni ya mkeka. "Kanda imekutwa tupu, mama. Si moshi. Mtu ameitoa ya kweli akaweka nyingine."

Vidole vya Bi Mwanaheri vilisimama juu ya choroko. "Kwa hiyo kesho sina."

"Huna. Na si wewe peke yako. Kanda ile ilibeba Njinjo yote, kila shamba ambalo mwenyewe hajaliuliza miaka mingi. La mzee Kidawa kule bondeni. La mayatima wa marehemu Mudathiri. Karatasi zao wote zilikwenda na maji kama yako, na hakuna nakala."

"Si kweli," alisema Zuwena. Hakugeuka. Alikuwa anafunga fundo la kifuko ambacho tayari kilikuwa na fundo. "Mtu mmoja kanda moja. Ile ilikuwa na la mama tu. Namba ni ya mama, si waliandika wenyewe?"

"Waliandika kwenye kikaratasi alichopewa mama. Kikaratasi kinasema mahali pa kutafuta. Ni kama namba ya basi, bibie. Basi si lako kwa kuwa umekata tiketi."

"Hata juu yake imeandikwa hiyo hiyo peke yake. Haikuandikwa Njinjo, haikuandikwa nani."

"Juu ya nini?"

Friji likanguruma. Kifuko kikamponyoka Zuwena, ukwaju ukamwagika mpaka kwenye ncha ya mkeka, na hakuna aliyeinama kuufuta.

"Ile karatasi ya juu ya kanda iko ndani ya droo, droo iko ndani ya stoo," alisema Sauda. "Umeisomea wapi?"

Bi Mwanaheri alimtazama binti yake muda mrefu. Kisha akaweka ungo chini taratibu, choroko zisimwagike.

"Uliitia wapi, Zuwena?"

"Nimeichoma. Jalalani, pamoja na makumbi ya nazi." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Baba alikupa lote. Lote, mama. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Na wewe umeshasema mbele za watu kwamba ukifa unamwachia Imani, mtoto wa dada yako, kwa sababu yeye ndiye anayepalilia. Mimi nilinyimwa jembe? Niliolewa mbali, nikaachwa mbali, nauza barafu. Kwa mirathi ningepata nusu yangu niliyopewa na Mungu. Kwa hiyo hiba yako napata nini?"

"Ungeniomba."

"Nimekuomba miaka yote. Huwa unasema ngoja."

Mama alimgeukia Sauda, na sauti yake ikashuka, ikawa ya kunong'onezana. "Mwanangu, wewe una watoto?"

"Ninao."

"Basi andika moshi. Katibu mwenyewe anasema moshi. Kesho siendi kudai kitu, nitasema sikupewa hiba na mtu. Shamba ligawiwe. Nani atalalamika?"

"Nikiandika moshi, mama, Bi Hamida anafukuzwa kazi. Barua yake iko mezani imeshaandikwa."

"Hamida ana kaka zake."

"Zuwena aliupata ufunguo kwa kumfulia nguo. Akiwa edani."

Bi Mwanaheri alikuwa amefungua mdomo kusema neno jingine la kuomba. Akaufunga. Tangu atoke eda yake mwenyewe mwaka ulikuwa haujatimia. Yeye nani alimfulia, nani alimpikia, hakuna aliyemuuliza, lakini Sauda alimwona akivitazama viganja vya binti yake, vile viganja vilivyochakaa kwa sabuni na barafu, kama anatafuta jibu humo.

"Aliniambia anakwenda kutafuta thawabu," alisema mwishowe. "Nikamsifu kwa majirani."

"Mama," alisema Zuwena. "Sikujua kuhusu wale wengine. Wallahi sikujua. Nilidhani ni yako tu."

"Ndiyo," alisema mama. "Ulidhani ni yangu tu."

Aliinuka kwa kushika ukuta. Akaliendea baibui lililotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, akalikung'uta, akamtupia binti yake kifuani.

"Vaa."

"Unaniacha niende?"

"Nakupeleka kituoni mimi. Usipelekwe na askari mchana kweupe, watu wa soko wapo."

Zuwena alivaa. Vifungo vilimshinda, na mama yake akasimama palepale asimsaidie. Sauda alivaa viatu vyake polepole kuliko kawaida yake, akatangulia nje, akawangoja uani penye jua.

"Na kesho, mama?" aliuliza walipotoka. "Utakwenda mahakamani? Sheria haikulazimishi."

Bi Mwanaheri alikuwa anafunga kitasa. Alikizungusha, akajaribu mlango kwa bega kuona kama umeshika.

"Nitakwenda. Wakisikia haya leo, kesho Njinjo yote itakuwa imejaa pale nje. Kidawa atakuwepo, na wale mayatima. Lazima mmoja wetu awatazame usoni."